UNGUJA KWA MKANDA MMOJA: PICHA 36 NA SWALI LA MZEE WA KAHAWA

Kijiweni kwetu kuna ubishi usiokwisha. Washkaji wamegawanyika. Upande mmoja wanasema upigaji picha si kazi tena, maana siku hizi kila mwenye simu ni mpigapicha, hata kondakta wa daladala. Upande wa pili wanasema picha za simu ni za kuzugia tu, leo zipo, kesho simu imekwapuliwa Kariakoo, na sura za ukoo mzima zimekwenda na mwizi.

Kwa kuwa nasomea mambo ya picha, kila siku navutwa shati nitoe hukumu. Huwa nanyamaza. Lakini mwaka 2022 nilivuka maji kwenda Unguja na kamera ya zamani yenye mkanda mmoja, nikarudi na jibu langu. Leo nalimwaga hapa, kila mtu achukue kinachomfaa.

MASHARTI YA FUNDI

Fundi anayenifundisha ni mtu mzima wa makamo, ana studio ndogo hapa Dar, maneno yake machache kama chumvi kwenye uji. Aliponisikia nasema nataka kwenda kupiga picha Mji Mkongwe, alifungua kabati, akatoa mkanda mmoja wa picha nyeusi na nyeupe, akaniwekea mezani.

"Huu una picha 36," akasema. "Zikiisha, umemaliza. Na mtu yeyote utakayempiga uso, urudi na jina lake."

Nikamuuliza kwa nini nisibebe na simu nikapiga mia mbili, halafu tukachagua. Akacheka. Akasema simu inakuruhusu kupiga kwanza ukafikiri baadaye, na wengi wetu hiyo "baadaye" haifiki. Mkanda unakulazimisha ufikiri kwanza, kwa sababu kila ukibonyeza umetumia hela, na picha iliyotoka hairudi.

Basi bwana, nikapanda boti ya asubuhi. Karibu saa mbili za maji, watu wanajipiga kwa simu tangu tunang'oa nanga mpaka tunafunga kamba Malindi. Mimi kamera yangu mfukoni, nahesabu: thelathini na sita.

JUA LA UNGUJA SI LA MCHEZO

Mtu ambaye hajashika kamera ya mkanda hawezi kujua mwanga ni kitu gani. Simu inakufanyia hesabu yote kimyakimya. Kamera ya zamani inakuachia mwenyewe.

Kuna kanuni moja wanafunzi wote tunaimeza kama jedwali la kuzidisha. Jua likiwa kali na mbingu safi, unaweka tundu la lenzi kwenye namba 16, na kasi unaiweka karibu na namba ya mkanda wako. Mkanda wa 400 unapigwa kwa moja ya mia tano ya sekunde. Hapo unapata picha bila kipimo chochote.

Kanuni hiyo inafanya kazi ufukweni Shangani au katikati ya Forodhani. Ukiingia ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, imekufa. Nyumba zina ghorofa mbili mpaka tatu, njia nyingine mtu na baiskeli wanapishana kwa shida, na jua haligusi ardhi isipokuwa mchana likiwa utosini. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linasimama juu kabisa ya kichwa. Wakati huo ukimpiga mtu picha uwanjani, macho yanageuka mashimo mawili meusi kama fuvu.

Siri ya vichochoro ni ukuta. Jua linapiga ukuta wa juu uliopakwa chokaa, mwanga unaruka, unagonga ukuta wa pili, unashuka taratibu mpaka kwenye baraza alipoketi mtu. Ukifika chini umeshakuwa laini, hauna kivuli kikali, unaipaka sura vizuri kuliko taa yoyote ya studio. Hapo lenzi unaifungua mpaka 4 au 5.6, na unashika pumzi.

Siku ya kwanza nilipiga picha nne tu. Nilikuwa natembea, nakaa, natazama ukuta gani unaleta mwanga saa ngapi. Vijana wa pale walinishangaa, mgeni gani huyu anayekodolea macho kuta kama fundi wa kupaka rangi.

JUMBA LILILOKUWA

Nilitaka sana kupiga Jumba la Maajabu, Beit el Ajaib. Nadhani hata wewe msomaji, ukifumba macho ukaambiwa Zanzibar, unaona lile jengo jeupe lenye nguzo ndefu na mnara wa saa.

Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Mnara tunaoujua sisi haukuwa pale tangu mwanzo. Ukitazama picha za kabla ya 1896, utaona mnara umesimama peke yake mbele, mbali na jengo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilifyatua mizinga kwenye majumba ya sultani ili kumng'oa Khalid bin Barghash, na kwa chini ya saa moja vita ikawa imekwisha. Ule mnara wa mbele uliharibika vibaya, na jengo lilipotengenezwa upya likapewa mnara wake wa saa mbele, ukishikana nalo. Ipo pia picha ya bandari baada ya mizinga hiyo, inayoonyesha milingoti ya meli ya sultani, Glasgow, ikichomoza juu ya maji na meli yenyewe imelala chini.

Mambo haya unaweza kuyasoma, sawa, lakini weka picha mbili mezani, ya kabla na ya baada, hata mtoto wa darasa la pili atakuonyesha kwa kidole kilichobadilika. Aliyezipiga huenda alikuwa anatafuta tu picha ya kuuza kwa abiria wa meli. Hakujua anatuandikia ushahidi.

Sasa sikia. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, mafundi wakiwa kwenye kazi ya ukarabati, upande wa mbele wa jumba uliporomoka na mnara wa saa ukaenda nao. Watu wawili walikufa. Jengo lililopigwa mizinga na likabaki wima, likaja kuanguka mchana kweupe miaka 124 baadaye. Na halikuanguka bila dalili, mwaka 2012 kipande chake kilikuwa kimeshadondoka.

Nilipofika mimi, palikuwa na vyuma vya mafundi na uwazi mkubwa mahali palipozoeleka kuwa na mnara. Nilisimama pale Forodhani na kamera yangu, pembeni yangu familia moja imekaa kwenye ukuta wa bahari inakula urojo. Kichwani nilikuwa na picha ya kwenye kalenda, na mbele yangu haikuwepo.

Nikaikumbuka kauli ya fundi: fikiri kwanza. Kwa nini nipige? Kulilia? Kila gazeti lilishapiga kifusi. Mwisho nikageuka. Nikawapiga wale waliokuwa wamekaa ukutani wakilitazama jengo, nikiwa nimeshaomba ruhusa na kuandika majina. Katika picha ile jengo huioni kabisa, unaona watu saba wametazama upande mmoja, na mtoto mdogo ananyoosha kidole juu, palipokuwa na saa. Hiyo ni picha namba 11, mpaka leo naipenda.

SURA ZISIZO NA JINA

Wengi tunadhani picha zililetwa huku juzi na watalii. Hapana. Ufundi wa picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na karne hiyohiyo ya 19 Unguja tayari ilikuwa na studio zake. A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, ni mmoja wa waliofungua studio mapema pale mjini. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe alikuja kuiendeleza. Oza alipiga picha za masultani, sherehe, maharusi, na watu wa kawaida waliokwenda wenyewe wamevaa nguo zao za Idi, wakasimama mbele ya pazia na kulipa. Duka hilo, lililoko barabara ya Kenyatta, limejulikana miaka mingi kwa picha zake za zamani ukutani.

Mimi huwa nazitenga picha za zamani za Unguja katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la waliokwenda studio kwa miguu yao. Ukimtazama bwana aliyekaa na kanzu yake na bakora, unaona mtu aliyechagua akae vipi na atazame wapi. Picha ilikuwa yake, aliibeba nyumbani, ikatundikwa sebuleni, wajukuu wakaikuta.

Fungu la pili ni la kadi za posta, zile zilizouzwa kwa wageni ili wazitume kwao Ulaya. Humo utakuta mwanamke amesimamishwa na kanga yake, mchukuzi na mzigo wake, mtoto na kikapu. Chini pameandikwa kwa lugha za kigeni "mwanamke wa Kiswahili" au "mchukuzi", basi. Jina hakuna. Yeye hakupewa nakala. Uso wake ulisafiri kwenda miji asiyoijua, na watu waliuziana kwa senti bila yeye kuambulia chochote, wala wajukuu zake hawajui kwamba yule ni bibi yao.

Nilipofika Mkunazini jambo hilo lilinikaa zaidi kifuani. Pale palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na juu yake likajengwa kanisa la Anglikana. Uwanjani kuna shimo, ndani yake sanamu za watu watano, minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Waliopita pale sokoni tunajua walikuwa wengi mno. Majina yao tunayo mangapi? Wageni wawili walikuwa wamelipa mgongo shimo, wanajipiga kwa simu huku wakitabasamu. Mimi sikupiga. Nilitumia muda wangu kutazama tu, picha 36 zangu zikabaki salama.

SWALI LA MZEE WA KAHAWA

Siku ya tatu asubuhi, maeneo ya Sokomuhogo, nikamwona mzee mmoja muuza kahawa. Baraza lake lilikuwa limepata ule mwanga niliowaeleza, mwanga wa kuruka ukutani. Dele lake la shaba limekaa juu ya makaa, vikombe vidogo vimepangwa, na mikono yake ina mishipa kama mizizi ya mkoko. Kwa mpigapicha, hiyo ni sikukuu.

Nikamwamkia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Watoka wapi?"

"Bara, Dar es Salaam. Naomba kikombe."

Nikanywa kimoja, nikanywa cha pili na kipande cha kashata. Ndipo nikamwambia kwamba mimi ni mwanafunzi wa picha na ningependa kumpiga, akiridhia. Akaitazama kamera yangu, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa kucheka.

"Mie nishapigwa picha na watu wa dunia nzima," akasema. "Wazungu, Wachina, na nyie wa Bara. Wengine hata hawasalimu, wanapiga wanakwenda zao. Hata moja sijapata kuiona. Sasa weye yako n'taiona lini?"

Waliokuwa barazani wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza kusubiri jibu. Swali lile halikuwa la utani. Miaka yote ameketi pale, uso wake umeenea ulimwenguni kama zile kadi za posta, na nyumbani kwake hana hata picha moja ya kazi iliyomlisha na kusomesha wanawe.

Nikamwambia, "Mzee, nikikupiga, nitaileta mwenyewe kwa mkono."

"Ahadi ni deni, mwanangu."

"Najua, mzee."

Akavuta kofia yake vizuri, akalisogeza dele mbele kidogo, akakaa kama sultani. Nilipiga mara moja. Nikaandika jina lake kwenye daftari, jina la mtaa, siku na saa. Akaniuliza kwa nini mara moja tu, wenzangu wanapiga kama bunduki. Nikamwambia, moja inatosha kama tumekubaliana. Hiyo ni namba 27.

GIZANI

Niliporudi Dar tuliingia chumba cha giza. Kusafisha mkanda kunahitaji giza totoro. Ile taa nyekundu mnayoiona kwenye sinema ni ya wakati wa kuchapa kwenye karatasi. Mkanda unausokota kwenye gurudumu lake kwa vidole tu, hujioni hata mkono, halafu unaufungia kwenye kopo lisiloingiza mwanga. Ndipo unamimina dawa ya kwanza inayotoa picha, baadaye ile ya kukazia, kisha maji mengi.

Dawa inataka nyuzi joto 20. Sasa maji ya bomba ya Dar mnayajua wenyewe, hata usiku wa manane ni ya vuguvugu. Tunanunua barafu kwa mama wa jirani, ile anayowauzia watoto, tunaweka kwenye beseni mpaka kipimo kishuke. Usifanye mchezo na nyuzi hizo. Dawa ikiwa ya moto inakimbia, picha inakuwa nyeusi na chembechembe kama mchanga.

Mkanda ulipokauka, tulichapa picha zote ndogondogo kwenye karatasi moja. Fundi akazipitia na kioo cha kukuzia, kimya. Akazungushia sita kwa kalamu nyekundu. Sita kati ya 36. Nikadhani atanigombeza, kumbe anasema ni mavuno mazuri. Akaweka kidole kwenye namba 27.

"Huyu anaitwa nani?"

Nikamtajia jina lake na la baba yake, na mtaa. Akatikisa kichwa. "Basi hii ni picha."

DENI LILIPOLIPWA

Mwaka 2023 nilivuka tena. Nimebeba bahasha moja ngumu, ndani yake picha kubwa iliyochapwa kwa mkono. Roho ilikuwa inanidunda. Nilijiuliza, itakuwaje nikifika nikute baraza tupu? Mzee alikuwa na umri mkubwa, na mwaka ni mrefu.

Alikuwepo. Nikamwamkia, nikakaa, nikaitisha kahawa. Hakunikumbuka. Nikamkabidhi bahasha. Akaifungua taratibu, akaishika kwa mikono miwili, mbali na macho kama wanavyofanya wazee. Unajua alitazama nini kwanza? Si uso wake.

"Dele langu limetoka zuri," akasema. Kisha akanyamaza kitambo. "Hili alilitumia baba yangu."

Mimi sikulijua hilo. Nililiona dele kwa sababu linang'aa, na kwa mwenyewe lilikuwa ni urithi. Picha ikazunguka baraza zima, kila mmoja anafuta vidole kabla ya kuishika. Nyuma nilikuwa nimeandika jina lake, mtaa na mwaka. Akamwita mjukuu aisome kwa sauti. Kijana akasoma, mzee akasikiliza jina lake mwenyewe kana kwamba anaitwa kwenye mkutano. Kahawa siku ile sikulipa, aligoma katakata.

HUKUMU YA KIJIWENI

Kwa hiyo washkaji wangu, ubishi wetu naumaliza hivi. Simu si adui. Picha nzuri unaweza kuipiga kwa simu ya bei poa, na picha mbovu unaweza kuipiga kwa kamera ya mamilioni. Kilicho kazi ni mambo yanayokuja kabla na baada ya kubonyeza. Ukitaka kujaribu mwenyewe, hata bila mkanda wala dawa, fanya haya:

Kwanza, jiwekee idadi. Nenda mtaani kwenu Jumamosi moja na ujiambie picha kumi tu. Utaona macho yako yanavyofunguka.

Pili, salimu kabla ya kuinua simu. Uso wa mtu ni mali yake, na akisema hapana, ni hapana, usizunguke pembeni kumwibia.

Tatu, andika jina, mahali na tarehe. Babu zetu wengi wamepotea si kwa kukosa picha, bali kwa kukosa maandishi nyuma yake.

Nne, chapisha karatasi, hata moja kwa mwezi, na mpelekee mwenyewe. Simu inaibiwa, inaanguka chooni, inaishiwa nafasi. Karatasi iliyotundikwa sebuleni inakaa.

Tano, usingoje kitu kianguke ndipo ukipige. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na bado jumba lake kubwa kuliko yote liliporomoka. Sembuse nyumba ya bibi yako Magomeni, ambayo inawekewa alama ya kubomolewa bila UNESCO kujua? Kaipige wiki hii, na bibi akiwa mlangoni, na jina lake nyuma.

Kwa leo naishia hapa. Mimi nina picha nyingine tano za kalamu nyekundu, na watu saba wa pale ukutani Forodhani bado nawadai safari. Naulizia nauli ya boti. Tukutane wiki ijayo.